Mbung'o walivyotwaa malisho ya Karagwe na Biharamulo

Julai 2019 Rais John Magufuli alizindua Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyounganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi kuwa eneo moja la kilomita za mraba 4,707. Tangu hapo yamesemwa mengi kuhusu watalii, mipaka na ng'ombe wanaokamatwa wakichunga ndani. Mdudu aliyeitwaa nchi hii kabla serikali haijaichora kwenye ramani hatajwi kabisa.

Mgeni akiambiwa pori hili ni la tangu na tangu, ameambiwa nusu ya habari. Mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza Speke alipita Usui, nchi ya Suwarora, akazuiwa siku nyingi kwa madai ya hongo, kisha akafika Karagwe kwa Rumanyika. Huko alikuta wanawake wa nyumba ya mfalme wamenyweshwa maziwa hadi kushindwa kusimama kwa unene. Maziwa ya kiasi hicho hayakamwi penye mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita.

Aliyefuatilia yaliyotokea baadaye ni John Ford, Mwingereza mtaalamu wa wadudu. Mwaka 1947 aliandika historia ya Karagwe pamoja na R. de Z. Hall, na mwaka 1971 akatoa kitabu kikubwa kuhusu malale na nagana Afrika. Helge Kjekshus wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliichukua hoja ya Ford mwaka 1977 akaipanua kwa Tanzania nzima.

Maafa yalianza kwa sotoka ya 1890 na 1891. Ng'ombe walikwisha, nyati na swala wakafa pia. Ikaja ndui, ikaja njaa. Kisha akaja funza, mdudu aliyeshuka na meli kutoka Brazil hadi pwani ya Angola mwaka 1872, akavuka bara zima kwenye miguu ya wapagazi. Maziwa Makuu hakuna aliyemjua wala aliyejua kumtoa kwa ncha ya mwiba kabla hajatunga mayai chini ya ukucha. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Uzinza mwaka 1892, aliandika jinsi watu walivyoteswa na miguu iliyooza. Asiyeweza kusimama halimi, na shamba lisilolimwa haligeuki kuwa malisho, linageuka kichaka.

Mbung'o mwenyewe ni mdudu mzito wa uzazi. Jike hatagi mamia ya mayai kama nzi wa nyumbani. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha, na baada ya siku tisa au kumi humzaa kwenye udongo laini kivulini, naye hujifukia papo hapo. Anachohitaji ni kivuli na damu. Wanyamapori walipokwisha kwa sotoka naye alirudi nyuma. Waliporudi walikuta vichaka vimekua na wachungaji hawapo, na mbung'o akaja nyuma yao, akapanda kaskazini kupitia Karagwe hadi kuvuka Mto Kagera na kuingia Ankole.

Hapo ndipo palipo na ugomvi. Serikali ya Waingereza ilimwamini C.F.M. Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o Shinyanga hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa yake ilikuwa kuondoa kivuli: kata miti, choma nyasi mwisho wa kiangazi, jaza watu. Wasukuma walitolewa kwa maelfu na machifu wao, mashoka begani, kusafisha pori. Baadaye, miaka ya 1940, ikaja zamu ya kuwapiga risasi wanyama wenyewe. Kwingine watu ndio walioondolewa. Mwaka 1937 wakazi wa Uyowa na Bugomba, kusini mwa Biharamulo, walihamishiwa makazi ya pamoja, na ofisa aliyesimulia kazi hiyo aliiita mkakati wa kurudi nyuma. Mimi naona ni kumwachia mdudu ardhi.

Ford aliukataa msingi wenyewe. Kwake wenyeji walikuwa wameshajua kuishi na mbung'o: walilima, walichunga, walichoma kwa wakati wake, na kila kijiji kilikuwa na ukanda wake ulio wazi. Kilichovunja mpangilio huo ni maafa ya miaka ya 1890 na utawala uliofuata, kisha wataalamu wakaja kutibu jeraha kwa kuwaondoa waliokuwa wakilifunga. Na Shinyanga ililipa: miti iliyokatwa kwa ajili ya mbung'o, ikiongezwa na ya pamba na kuni, iliacha ardhi tupu hadi mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, zikarudishwa.

Miaka ya karibuni ina machache. Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa saa 24, na miti ya Ngara iliyozunguka kambi ya Benaco ikaishia mekoni. Unguja mbung'o alimalizwa kabisa kwa madume tasa waliozalishwa Tanga. Wa mwisho wa porini alionekana 1996.

Bara tumebaki na vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyopakwa sumu, na sindano. Mfugaji wa kando ya Burigi hununua Samorin kwa fedha yake, na ng'ombe wake akivuka mpaka analipa faini. Hifadhi inapaswa kumweleza, yeye na watalii, nani alichunga humo kwanza.