Vitabu Vitatu na Swali la Mtoto wa Mbwera

Nimekuwa kimya siku kadhaa, ndugu zangu. Nilikuwa Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Gazeti ndilo lililonituma, lakini leo nataka tuzungumze kuhusu vitabu.

Begini nilikuwa na vitatu: kitabu cha Freeman-Grenville cha mwaka 1962 kuhusu historia ya pwani ya Tanganyika katika zama za kati, diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi (1974), na hadithi ya Alisi iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis (2015). Jioni moja, tukingoja maji yajae boti iondoke, binti wa darasa la tano akavifunua kimoja kimoja. Kisha akaniuliza: "Kaka, na sisi tumo humu?"

Nikamjibu haraka: "Mmo." Sikumwonyesha ukurasa hata mmoja, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Tuanze na historia. Zama za kati za pwani yetu tunazijua zaidi kwa Kilwa. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akausifia mji. Tarikhi ya Kilwa inasimulia masultani, nani alimrithi nani. Wakata mikoko hawasimuliwi. Lakini hebu zitazame nyumba zenyewe! Dari nzito za mawe za miji ya pwani zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali, mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu lakini vyembamba. Tajiri na fedha zake zote alilala katika chumba ambacho upana wake uliamuliwa na mti.

Sasa, delta ya Rufiji ndiyo eneo kubwa zaidi la mikoko Tanzania. Majahazi yalichukua boriti humu kwa karne nyingi kupeleka Arabuni na Ghuba. Mwaka 1898 Wajerumani wakaiweka mikoko chini ya serikali yao. Mwaka 1915 Waingereza wakaiangamiza humo manowari ya Kijerumani, Königsberg, na kutokana na kisa hicho Wilbur Smith akatunga riwaya mwaka 1968. Basi dunia ikasoma habari za meli. Wenyeji wakabaki kama miti ya nyuma kwenye picha.

Ushairi je? Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa kilichozungukwa na ziwa. Kichomi kilipotoka, watu waligombana kuhusu vina na mizani. Mimi naona alitufundisha jambo jingine pia: kwamba mtu anaweza kuandika kwa pumzi yake mwenyewe. Yule binti alinitajia miti bila kusita: mkoko, msinzi, mkandaa, mchu, mkomafi, mlilana. Mimi mwenye digrii nilikuwa naiita yote mikoko!

Na hadithi za watoto? Alisi alitafsiriwa kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza mwaka 1940, akaitwa Elisi, na kwenye picha akachorwa msichana wa Kiafrika. Mtu wa mwaka 1940 aliliona swali la binti huyu: mtoto hutaka kujikuta kitabuni. Lakini kubadilisha sura ya mtoto wa Kiingereza hakutoshi. Nani ataandika kuhusu mtoto anayekwenda shule akisubiri maji yajae?

Tusiwasingizie Wazungu peke yao. Sisi tuliosomeshwa kwa kodi za hawa wakulima na wavuvi tumeandika nini kuhusu Mbwera? Mimi mwenyewe huwa naandika mafuriko yakija, kisha naondoka.

Alisi nimemwachia yule binti, pamoja na daftari tupu. Nimemwomba aandike jina la kila mti, unaota wapi na unafanya kazi gani. Nimeahidi kurudi kulisoma. Safari hii akiniuliza kama wamo, nataka niwe na ukurasa wa kumwonyesha.