Mkasi, Karatasi na Utundu: Maua ya Mary Delany na Mipaka ya Sanaa Nchini Uingereza, 1772–1897

Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1772, ndani ya jumba la Bulstrode huko Buckinghamshire, mjane wa miaka 72 aligundua kwamba kipande cha karatasi nyekundu ya Kichina kilikuwa na rangi ileile ya petali ya jerania iliyokuwa karibu nacho. Akachukua mkasi, akaikata karatasi kwa kufuata umbo la petali, kisha akakata nyingine na nyingine, akazibandika pamoja. Masimulizi yaliyohifadhiwa na familia yake yanaeleza kwamba mwenyeji wake alipoingia chumbani alidhani lile lililo mezani ni ua halisi. Mjane huyo alikuwa Mary Delany. Katika barua aliyomwandikia mpwa wake Oktoba mwaka huohuo alimwarifu kwamba amevumbua namna mpya ya kuiga maua. Kwa takriban miaka kumi iliyofuata alitengeneza kurasa 985 za maua ya karatasi, ambazo leo zimo katika albamu kumi kwenye Makumbusho ya Uingereza, jijini London.

Makala haya yanahoji kwamba kazi hiyo imekuwa ngumu kuainishwa katika historia ya sanaa kwa sababu ilizaliwa ndani ya kile ambacho Kiswahili hukiita utundu. Neno hili lina nyuso mbili. Mtoto mtundu hukaripiwa kwa kuwa mikono yake haitulii. Fundi mtundu husifiwa kwa sababu hiyohiyo. Wanahistoria wengi wamemsoma Bi Delany kwa uso mmoja tu, ama kama bibi kizee aliyejiburudisha kwa karatasi, ama kama mwanabotania ambaye kwa bahati tu alitumia mkasi badala ya brashi. Nilipowasilisha pendekezo la utafiti huu, mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza kama mapambo ya bibi yanatosha kubeba sura nzima ya tasnifu. Swali lile halikunikera. Lilinionyesha kwamba mpaka unaochunguzwa hapa haujafutika, na kwamba hata katika lugha yetu tumezoea kuweka “sanaa” upande huu na “kazi za mikono” upande ule bila kujiuliza nani aliyeuchora mstari.

Mary Granville alizaliwa mwaka 1700 katika ukoo wa kikabaila uliokuwa umeishiwa fedha lakini haukuwa umepoteza majina. Akiwa na miaka 17, ami yake alimwoza Alexander Pendarves, mbunge kutoka Cornwall aliyekuwa amekaribia miaka 60. Ndoa haikuwa ya furaha, na baada ya miaka michache mzee huyo alifariki bila kumwachia mkewe mali ya kutosha. Mwaka 1743 aliolewa tena, safari hii kwa hiari yake, na Patrick Delany, kasisi wa Ireland, wakaishi Delville karibu na Dublin. Huko alipamba kuta na dari kwa makombe ya pwani, akatarizi, akachora, akajenga pango la mapambo katika bustani. Karibu na mwaka 1740 alikuwa amekwisha kubuni vazi la kuvaa mbele ya mfalme, la hariri nyeusi iliyotariziwa maua ya rangi mbalimbali kwa usahihi wa kushangaza. Tutairudia hariri hiyo nyeusi.

Kazi hizi zote hutajwa katika wasifu wake kama burudani za kike za tabaka la juu, na ni kweli kwamba wanawake wa tabaka lake walifundishwa kuzifanya ili muda upite kwa adabu. Hata hivyo, kuziita burudani hakutuelezi zilifanya nini mikononi mwa mtu aliyezifanya kwa nusu karne. Mtarizi hujifunza kwamba kijani si rangi moja. Mpamba kwa makombe hujifunza kupanga vipande vidogo visivyolingana mpaka jicho liuone mpangilio kama kitu kimoja. Kwa hiyo maua ya mwaka 1772 hayakutoka hewani. Yalikuwa na mafunzo ya zaidi ya miaka hamsini nyuma yake, ila mafunzo hayo hayakuwa na shule wala cheti.

Hapa taasisi zinaingia. Akademi ya Kifalme ya Sanaa ilianzishwa London mwaka 1768, miaka minne kabla ya jerania ile ya Bulstrode. Miongoni mwa waanzilishi wake 36 walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser, na Moser alijulikana hasa kwa kuchora maua. Kwa hiyo kizuizi hakikuwa ua, na wala hakikuwa jinsia peke yake. Katika miaka yake ya mwanzo, Akademi iliamua kwamba tarizi, maua ya bandia, karatasi iliyokatwa na kazi za makombe zisipokelewe katika maonyesho yake. Ukiisoma orodha hiyo sambamba na maisha ya Bi Delany, utadhani aliyeiandika alikuwa amesimama sebuleni kwake. Ua la Moser lilikubalika kwa kuwa lilikuwa la rangi ya mafuta juu ya turubai. Ua la karatasi halikuweza kuingia hata kama lingekuwa sahihi zaidi, kwa sababu lilitengenezwa kwa vifaa ambavyo msichana yeyote wa nyumba ya heshima alikuwa navyo kikapuni.

Akademi haikuwa na njama dhidi ya mtu mmoja. Ilikuwa changa, ilitaka kuwatofautisha wasanii na mafundi wa maduka, na njia rahisi ya kujipa hadhi ilikuwa kutaja kile isichokuwa. Matokeo ya uamuzi huo, hata hivyo, yalidumu kuliko sababu zake. Katalogi za maonyesho ndizo zilizokuja kuwa chanzo kikuu cha wanahistoria wa sanaa ya karne ya 18, na kilichozuiwa mlangoni mwa maonyesho kilikosekana pia katika maandishi ya baadaye.

Tuangalie sasa namna ya utengenezaji, maana hapo ndipo hoja ya utundu inaposimama au kuanguka. Bi Delany alipaka karatasi rangi nyeusi ili iwe usuli, kisha akakata petali, majani, mashina na mishipa ya majani kutoka karatasi za rangi nyingine, akizibandika tabaka juu ya tabaka. Kivuli hakukipaka mahali pake. Alikata kipande cha rangi iliyokoza kidogo akakiweka juu au chini ya kingine. Karatasi nyingine alizipaka rangi yeye mwenyewe, na nyingine zilikuwa za watengenezaji wa karatasi za ukutani ambazo rangi zake zilikuwa zimechuruzika. Kwa mwenye duka hizo zilikuwa hasara. Kwake michirizi ile ilikuwa mishipa ya petali ambayo tayari imechorwa. Mahali pachache alibandika hata jani halisi lililokaushwa, na mtazamaji hulipita bila kulitambua. Usuli mweusi, ambao waandishi kadhaa wameuona kuwa wa ajabu, hauna ajabu kwa anayekumbuka lile vazi la hariri.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Passiflora laurifolia wa mwaka 1777, ambao ua lake lina vipande zaidi ya 200. Mmea huu ni ndugu wa karakara, tunda ambalo mitaani tunaliita pesheni, na yeyote aliyewahi kusimama chini ya uchanja wake anakumbuka ule mzunguko wa nyuzi nyembamba katikati ya ua. Mtafiti alijaribu kulikata ua la karakara kwa mkasi wa kushonea na karatasi ya manila. Jioni tatu zilipita. Nyuzi zilikatika, na zile zilizosalimika zilijikunja mara tu zilipoguswa na gundi. Jaribio hilo halithibitishi kitu kikubwa, lakini lilinifundisha jambo ambalo barua hazikunionyesha: kabla ya rangi kuna uzito. Karatasi inayofaa kwa jani haifai kwa uzi, na aliyechagua karatasi 985 mara bila kuharibu kurasa alikuwa akiamua kwa vidole kabla ya kuamua kwa macho. Aidha, kurasa 985 kwa miaka kumi ni wastani wa ukurasa mmoja kila siku nne, kazi ya mwanamke aliyekuwa katika muongo wake wa nane.

Mwenyeji wake hakuwa mtazamaji tu. Margaret Bentinck, Dachesi wa Portland, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa makombe, wadudu na mimea, na Bulstrode ilitembelewa na wataalamu. Kasisi John Lightfoot, mwandishi wa kitabu cha mimea ya Scotland, alikuwa akimhudumia. Joseph Banks na Daniel Solander walifika huko muda mfupi baada ya kurudi mwaka 1771 kutoka safari ya meli ya Endeavour. Solander alikuwa mwanafunzi wa Linnaeus, na mfumo wa Linnaeus ulipanga mimea kwa kuhesabu stameni na pistili. Katika mfumo huo, kipande kimoja cha karatasi kikizidi au kikipungua, mmea umehamia kundi lingine. Bi Delany alihesabu. Aliandika jina la Kilatini, jina la kawaida, mahali na tarehe, na mara nyingi jina la aliyempa mmea. Inasimuliwa kwamba Banks alisema angeweza kuueleza mmea kitaalamu kutokana na kazi zake bila hofu ya kukosea.

Watetezi wa Bi Delany wameishika sana sifa hiyo ya Banks, na hapa sikubaliani nao. Kumwokoa kutoka chumba cha burudani kwa kumpeleka maabara ni kukubali kwamba chumba cha burudani hakina thamani. Usahihi wake haukuja baada ya kuacha kucheza. Uchezaji ndio uliomfanya ashike karatasi nyekundu na kuilinganisha na petali siku ambayo hakuna mtu aliyemwagiza kufanya hivyo.

Jambo lingine limepita kimya katika maandishi mengi. Mimea iliyoitwa jerania nyekundu katika bustani za Uingereza ni ya jenasi inayoitwa leo Pelargonium, na spishi zake nyingi asili yake ni kusini mwa Afrika. Zilifika Ulaya kwa meli zilizopitia Rasi ya Tumaini Jema. Mfalme George III alipoagiza bustani ya Kew impelekee Bi Delany vielelezo, alimfungulia mlango wa mkusanyiko uliolishwa na makoloni na safari za biashara. Maandishi ya kurasa zake yanamtaja Mfalme na Malkia, yanaitaja Kew, yanaitaja Bulstrode. Aliyeuchimba mmea kutoka udongo wake wa kwanza hatajwi popote. Mwanamke ambaye kazi yake iliachwa nje ya katalogi alitengeneza naye katalogi yenye mlango wake mwembamba, na mtafiti anayetaka haki kwa mmoja halazimiki kumfumbia macho mwingine.

Alikuwa amekusudia kufikisha kurasa elfu moja. Macho yalimkatalia karibu na mwaka 1782. Dachesi alipofariki mwaka 1785, Mfalme na Malkia walimpa nyumba Windsor na pensheni ya pauni 300 kwa mwaka, naye akafariki Aprili 1788. Albamu zilibaki katika familia. Kitukuu wa dada yake, Augusta Hall, aliyejulikana kama Lady Llanover, alichapisha barua zake katika mabuku sita mwaka 1861 na 1862, kisha akaziacha albamu kwa Makumbusho ya Uingereza, zikapokelewa mwaka 1897.

Wakati huo mikusanyiko ya mimea ya Makumbusho hayo ilikuwa imekwisha kuhamishiwa South Kensington, ambako Makumbusho ya Historia ya Viumbe yalifunguliwa mwaka 1881. Albamu hazikupelekwa huko. Ziliwekwa katika idara ya picha za chapa na michoro, ingawa hazikuwa chapa na wala hazikuwa michoro, pamoja na kazi za watu ambao Akademi iliwafungulia mlango. Miaka 125 baada ya jerania ya kwanza, karatasi iliyokatwa ilipata rafu.