Koleo la kubania vichwa vya nyaya

Zana ya mkono inayokandamiza kichwa cha chuma kwenye ncha ya waya wa umeme bila kulehemu. Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, Dar es Salaam, mafundi wa magari na wa sola huchagua kati ya aina mbili. Koleo jepesi hutegemea nguvu ya kiganja. Lenye meno ya kufunga haliachii mpaka mbano ukamilike, nalo ndilo la kununua hata likizidi bei. Kichwa chenye plastiki nyekundu huchukua waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, buluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Waya uliobanwa vibaya hulegea, hupata joto, huweza kuwasha moto. Kwa hiyo kila waya uliobanwa uvutwe kwa mkono, kuona kama umeshika, kabla ya kuunganisha betri.