Kodi ya Umbea

Waliozaliwa kati ya 1981 na 1996, kizazi cha milenia, wazee husema ni watu wa simu na maneno tu. Hapa Uganda wazo hilo liliwahi kuwa sheria. Machi 2018 Rais Museveni aliandika barua akilalamikia lugambo, yaani umbea, wa mitandaoni. Tarehe 1 Julai kodi ikaanza, ile tuliyoiita OTT: ulipe shilingi 200 kwa siku ndipo ufungue WhatsApp au Facebook. Wengi wakaweka VPN. Wengine waliandamana Kampala mwezi huohuo, Bobi Wine akiwa mbele. Rais huwaita vijana bazzukulu, wajukuu. Bobi Wine alikuwa na miaka 36, mjukuu mwenye watoto wake jamani!

Kaka yangu alikuwa anabeba mizigo hapa Port Bell. Shilingi 200 ni kidogo, utasema. Yeye alikuwa anailipa kabla ya chai, maana mama alibaki Goma na sauti yake ilikuja kwa WhatsApp tu. Huo ni umbea gani? Mwaka 2021 OTT ikaondolewa, ikaja asilimia 12 kwenye bando. Kaka bado anaanza na simu, chai baadaye.