Huduma ya Kwanza Kazini na Karakana za Bombolulu

Msomaji, ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, ukaifuata barabara kuu iendayo Malindi, hukawii kufika Bombolulu, upande wa Kisauni. Hapo ndipo zilipoanzishwa, mwaka 1969, karakana za Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, chama kilichoundwa mwaka 1958. Katika karakana hizo watu wenye ulemavu, wanaume kwa wanawake, wamejipatia riziki kwa kutengeneza mapambo ya shaba na shanga, kushona nguo, kukata ngozi, kuchonga mbao na kuunda viti vya magurudumu. Wageni wafikao huvutiwa na mikufu na vinyago, wala si ajabu. Mimi nakuomba utazame jambo ambalo mgeni halitazami, nalo ni makali yaliyoitenda kazi hiyo: patasi, misumeno, sindano za cherehani, visu vya ngozi, na moto wa kuunganishia chuma. Penye makali damu haiko mbali. Je, ikimwagika, ni nani atakayemfikia majeruhi kwanza, na atakuwa anajua la kufanya?

Swali hilo laonekana jepesi, walakini wanadamu walikawia sana kuliuliza. Fikiri habari za reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. 2,500 hivi katika hao walikufa, wengi wao kwa maradhi, na zaidi ya 6,000 walirudi kwao wagonjwa au vilema. Waganga walikuwako, lakini mganga mmoja hawezi kuwapo kila mahali reli inapotandikwa. Aliyepondwa mguu na chuma alikuwa mikononi mwa mwenziwe aliyesimama karibu naye, na mwenziwe huyo hakufundishwa chochote.

Mafunzo yenyewe yalikuwa yamekwisha kuanza, lakini mbali. Mwaka 1877 chama cha Mtakatifu Yohana kiliundwa Uingereza kwa ajili ya kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kumsaidia majeruhi, na mwaka uliofuata daktari wa jeshi, Peter Shepherd, pamoja na Kanali Francis Duncan, walifungua darasa huko Woolwich, karibu na London. Shepherd hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Aliuawa vitani Isandlwana, nchi ya Wazulu, Januari 1879. Darasa lake ndilo lililoishi. Muda si muda mafunzo hayo yakaenea kwa askari polisi, wachimba makaa ya mawe na watu wa reli, yaani mahali ambapo kazi iliumiza watu kila wiki. Daktari mmoja Mjerumani, Friedrich von Esmarch, aliyaona mafunzo hayo London, akaanzisha ya kwake mjini Kiel mwaka 1882. Yeye ndiye aliyekitia sifa kile kitambaa cha pembe tatu ambacho hata leo hukosi kukiona katika sanduku la huduma ya kwanza.

Hapa Kenya chama cha Mtakatifu Yohana kilianza kazi mwaka 1928. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, baada ya kuwa tawi la kile cha Uingereza. Sheria ya viwanda ilitungwa mwaka 1950, kanuni za huduma ya kwanza zikafuata mwaka 1977, na mwaka 2007 ikapitishwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo iliichukua nafasi ya ile ya viwanda. Sheria hii yamtaka mwenye mahali pa kazi aweke sanduku au kabati la huduma ya kwanza palipo wepesi kufikiwa. Yakataza kuweka ndani yake kitu kingine chochote. Yataka pawe na mtu anayelitunza, awe karibu saa zote za kazi, na isipokuwa watu ni wachache, mtu huyo awe amefunzwa. Jina lake sharti libandikwe ukutani, kila chumba cha kazi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi hapana budi kuwe na kamati ya usalama.

Labda utacheka kwamba Bunge zima lilikaa likakataza watu kutia vitu sandukuni. Usicheke. Nenda ofisi yoyote ukalifungue sanduku la ukutani: utakuta risiti, ufunguo wa stoo, chupa ya dawa iliyokwisha muda wake, na pengine hutaliweza hata kulifungua, kwa kuwa ufunguo anao mtu aliye likizo. Waliotunga sheria waliwajua wanadamu.

Lakini kuna jambo ambalo kila mtunga kanuni hulidhani bila kulisema, nalo ndilo lililonifanya niichague Bombolulu. Kanuni hudhani kwamba mwokoaji husimama, huona, husikia, hupiga magoti na kukimbia. Sasa itazame karakana ambamo fundi mmoja hutembea kwa magongo, wa pili yumo katika kiti cha magurudumu, wa tatu ni kiziwi. Sanduku lililotundikwa juu, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, kwa aliyekaa kitini haliko palipo wepesi kufikiwa, hata kama mkaguzi ameliona na kuridhika. Kengele ya hatari haimwamshi kiziwi. Yeye ahitaji taa iwakayo na kuzimika. Tena yuko mtu aliyeumia uti wa mgongo, ambaye miguu yake haina hisi: huweza kuungua kwa chuma cha moto asijue mpaka aione ngozi imebabuka. Mtu huyo hawezi kulia kwa maumivu, kwa hiyo aliye karibu naye apaswa kufundishwa kutazama, si kungoja kilio. Ukishaliona jeraha, maji safi ya baridi yatiririke juu yake kwa dakika 20, wala usipake siagi wala dawa ya meno.

Mafunzo nayo yana dhana hiyo hiyo. Mwaka 1960 watafiti watatu wa Baltimore, Marekani, yaani Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walitangaza kwamba moyo uliosimama waweza kusaidiwa kwa kukandamiza kifua kwa mikono miwili. Tangu hapo wanafunzi wa huduma ya kwanza hufundishwa kupiga magoti kando ya majeruhi na kukandamiza. Asiyeweza kupiga magoti afanyeje? Mwalimu mvivu atamwandika kuwa hafai. Mwalimu mwema atafikiri. Mtu anayejisukuma kwa kiti cha magurudumu kila siku aghalabu ana mabega na mikono yenye nguvu kuliko karani aliyezoea kalamu. Akifundishwa kushuka chini kwa usalama, huweza kukandamiza vizuri. Asiyeweza kushuka huweza kuhesabu, kuelekeza na kupiga simu. Na kubana jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi hakutaki miguu hata kidogo. Mwaka 2003 Kenya ilipitisha sheria iliyowataka waajiri wapatengeneze mahali pa kazi pawafae watu wenye ulemavu. Kwa hukumu yangu, sanduku la huduma ya kwanza na darasa lake vimo katika matengenezo hayo, ingawa watu wakumbuka ngazi na milango tu.

Na dakika ni chache. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano, na mshipa mkubwa uliokatwa haungoji hata hizo. Hospitali kuu ya serikali kwa Pwani nzima iko kisiwani, ng'ambo ya maji. Karakana zilipofunguliwa, daraja la kuvukia lilikuwa lile la zamani la mwaka 1931, lililoelea juu ya maboya. Daraja la zege la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Kwa miaka kumi na moja, basi, majeruhi wa Bombolulu aliyepelekwa kisiwani alivuka maji juu ya daraja linaloelea. Daraja la leo ni pana na imara, lakini magari nayo yameongezeka, na foleni ya jioni hapo Nyali haimjui mgonjwa.

Kwa sababu hiyo mahali pakubwa hapatoshi kwa mtu mmoja mwenye cheti. Awepo mmoja wa vito, mmoja wa mbao, mmoja wa cherehani, na kila mmoja awe na msaidizi, maana watu huugua, huenda likizo, hustaafu. Mikono nayo husahau. Aliyefunzwa zamani asirudie tena atatetemeka siku ya ajali. Ukipata nafasi ya kuingia karakana au kiwanda chochote, soma ile karatasi yenye jina iliyobandikwa ukutani, kisha uliza kama mwenye jina hilo yumo kazini siku hiyo.