Juzuu ya Mali

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikosa swali nililokuwa na hakika nimelipata: x⁻² − 5x⁻¹ + 6 = 0. Niliweka y badala ya x⁻¹, nikapata y² − 5y + 6 = 0, kisha y = 2 au y = 3. Nikapigia jibu mstari, nikakusanya karatasi. Iliporudi na alama nyekundu, nilijiambia kwamba hesabu si fungu langu. Mwaka uliofuata nilikuwa mchepuo wa sanaa.

Ni historia iliyonirudisha kwenye swali lile. Nikisoma habari za Baghdad nilikutana na al-Karaji, mwanahisabati wa mwanzoni mwa karne ya 11. Hakuwa na x wala y. Kama al-Khwarizmi wa karne ya 9, aliandika aljebra kwa maneno matupu. Namba isiyojulikana aliiita kitu. Kitu kikizidishwa kwa chenyewe kilikuwa mal, yaani mali yetu hii hii. Moja ikigawanywa kwa kitu aliiita juz' ya kitu, na hapo ndipo ilipotoka juzuu yetu. Swali langu lingesomeka hivi: juzuu ya mali na sita ni sawa na juzuu tano za kitu.

Al-Karaji alijua pia kwamba milinganyo ya vipeo vikubwa yenye umbo kama x⁴ na x² hutatuliwa kwa kanuni ya kipeo cha pili. Karne moja baadaye, al-Samaw'al, kijana wa miaka 19, alipanga vipeo katika jedwali: moja katikati, kitu na mali upande mmoja, juzuu zake upande wa pili. Kuzidisha kukawa kuhesabu hatua kutoka safu hadi safu. Vipeo hasi vilikuwa vinafanya kazi kabla Nicolas Chuquet wa Ufaransa hajaviandika kwa alama ya kutoa, mwaka 1484.

Neno juzuu ndilo lililonionyesha kosa langu. Y yangu ilikuwa juzuu, na mimi niliulizwa kitu. Juzuu ikiwa 2, kitu ni nusu. Ikiwa 3, ni theluthi. Nilikuwa nimebakiza mstari mmoja tu, nami nikauita ukosefu wa akili.