Mwenye Mtumbwi: Milki na Urithi wa Chombo cha Uvuvi katika Bonde la Ruvuma

Newala ipo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Masasi ipo magharibi yake, kwenye tambarare yenye vilima vya mawe. Sehemu hizi hazina pwani. Mto wao mkubwa ni Ruvuma, na chombo cha mvuvi mdogo wa mtoni ni mtumbwi: gogo moja lililochongwa kwa shoka na tezo, likaendeshwa kwa pondo au kafi.

Nani basi ni mwenye mtumbwi huo? Jibu jepesi ni mchongaji, kwa kuwa jasho ni lake. Hata hivyo, jibu hilo hukoma anapofariki. Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao Karl Weule aliwachunguza Masasi na Newala mwaka 1906, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa kanuni hiyo, mrithi wa mwanamume ni mpwa, mtoto wa dada yake, wala si mwanawe wa kumzaa. Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Mwana ndiye aliyevua pamoja na baba, akamwaga maji na kuziba nyufa; lakini haki ilimwelekea mpwa, pengine aliyekaa kijiji kingine. Uislamu ulipoenea kusini uliingiza kanuni tofauti: mwana hupata mafungu 2 pale binti anapopata 1, na mtoto wa dada hana fungu maadamu mwana yupo.

Lugha yenyewe imehifadhi mvutano huu. *Mwenye* ni neno la Kibantu, nalo hutosha kumtaja aliye na kitu, bila kueleza amekipataje. *Mmiliki* limejengwa juu ya mzizi wa Kiarabu, nalo hubeba dai la kisheria. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, inayotaka vyombo visajiliwe na kupewa leseni, imelipa nguvu neno la pili.

Ni dhahiri kwamba umri wa mtumbwi haupimwi kwa uimara wa mti pekee. Chombo hudumu pale warithi wanapokubaliana nani akitunze. Mjomba, mwana na mpwa wanaweza wote kusema “mtumbwi wetu” bila uongo. Usajili humtaka mmiliki ajulikane kwa jina.